Kiti Yako ya Délégué

Kahindo,

Kiti yako iko kwangu sasa. Wiki tatu nyuma ya kukuzika, balimu balikutana kwenye darasa yako ya tano, bakainua mikono, bakanichagua délégué ya syndicat, mwenye kubasemea balimu, kwenye masomo yetu, ile shule ya Bulengera. Ile kazi niliitaka tangu miaka, we unajua, hata kama sikukuambiaka. Leo ni mimi naandika rapport, ni mimi naenda ku bureau ya kanisa yenye kutawala masomo, ni mimi banakimbilia saa directeur anapigia mwalimu kelele. Na tangu ile siku hakuna mutu hata mumoja ameniita délégué bila kutaja jina yako. "Kahindo angefanya hivi." "Wakati ya Kahindo ilikuwaka hivi." Umekufa na ungali unanipita! Acha nikuambie kweli: nakuonea wivu. Mutu mukubwa namna hii, mama ya batoto bane, naonea mufu wivu.

Haikuanza juzi. Ilianza Beni, tulipokuwa tunasoma pédagogie, kazi ya kufundisha, na tunalala kitanda moja kwa shangazi yako. Unakumbuka ile siku inspecteur alikuja kusikiliza leçon zetu? Mimi aliniandikia points mingi kuliko wewe. Mais wewe ndiye alikuuliza jina.

Nyuma tukaja Butembo, masomo moja, mwaka moja. Wewe darasa ya tano, mimi ya sita. Kila mwaka batoto banatoka kwako, banaingia kwangu na uso ya kilio: "Mwalimu Kahindo alikuwaka anatuimbisha." Hata binti yangu, nilimuzaa mimi, alisema akikomaa anataka kuwa sawa Mwalimu Kahindo. Mbele yangu! Nikiwa nasonga bugali yake! Ulicheka mpaka ukashika tumbo nilipokuelezea. Mimi sikucheka.

Na siku ya kuchagua délégué tulisimama sisi wawili. Nilikuwa nimevaa pagne ya siku kuu. Ulipata mikono karibu yote. Unajua kitu sikukuambiaka? Nilipoona bote bameinua, nilipata haya kubaki chini, nikainua yangu pia. Nilikuchagua, mwanamuke wewe.

Tension, ile damu ya kupanda, ilikubeba siku mbili tu, hukutupa hata nafasi ya kuagana. Na kilio ya kukuzika, Kahindo! Balimu balitoka Beni, balitoka Kasindi, bale ba Mbau bakaja na ndizi kwenye pikipiki, barabara ikafungwa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Katikati ya kulia nikajikamata naangalia bale batu bote na najiuliza: na mimi, siku yangu, nani atakuja? Mungu anisamehe, ndiyo nilikuwa nawaza mbele ya sanduku yako.

Juu ya hii syndicat tulibishana mingi tukitoka masomo na miguu. We ulikuwa unasema: "Mwalimu mumoja, directeur anamufukuza na kikaratasi. Tukiwa makumi mbili, anatutafutia viti." Na ulionyesha. Balimu ya Mbau balipokimbia vita na batoto mugongoni, majina yao ilitoka kwenye liste ya mishahara, sababu masomo yao ilifungwa. Kila juma ulikuwa ku bureau na dossier chini ya kwapa, mpaka mukubwa ya pale akaanza kujificha akiona foulard yako ya kichwa. Majina ikarudi. Na ule mwalimu ya darasa ya kwanza aliyezaa, directeur akataka kumupa mutu mwingine nafasi yake, mulienda bote kukaa kwenye kiwanja, mukanyamaza tu, mpaka akaacha. Hiyo siwezi kuikataa.

Mimi nilikuwa nakujibu: sawa, mais bakubwa ya syndicat banaenda Kinshasa, banakaa kwenye hôtel na batu ya serikali, banatia signature, na sisi tunasikia kwenye radio kama mugomo imeisha. Tumepata nini? Hakuna anayejua. Na nusu ya balimu yetu habana matricule, ile namba ya kulipwa, serikali haibajui hata sura, donc basi banagoma juu ya mushahara ya wengine. Na mutoto? Mutoto ya mama muuza makaa anakaa miezi mbili bila kushika bic, ya tajiri anasoma ku privé, masomo ya kulipia, kama kawaida. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaniambia: "Masika, hayo ni kweli. Ilete kwenye réunion." Sikuileta. Niliona mbele namna itakuwa: nitaongea, wewe utasimama nyuma yangu kusema "Masika iko na raison, anasema kweli," na mikono batakupigia wewe.

Na ile sheria ya kilio, nayo ulikuwa unaionea aibu kidogo, hukuitunga wewe. Ilikuwa ya Papa Paluku ya darasa ya pili, muzee wetu ya syndicat, ule mutu asiyecheka. Kwetu mwalimu akifiwa tunafika bote na blouse ya buluu ya kufundishia, banaume banachimba kaburi, banamama tunashika jiko, tunaimba mpaka maiti inatoka nyumbani. Papa Paluku akasema: mwenye kuvunja mugomo, kwenye kilio yake hatufiki. Hakuna amende ya kulipa, hakuna matusi, ni hiyo tu. Na inatosha. Hapa Butembo mutu anaweza kuvumilia njaa, mais kuzika mama yake bila batu ya kazi yake, na majirani banaangalia nani hakuja, hiyo haya hautaivua. Ndiyo sababu mugomo yetu ilikuwaka nguvu.

Mimi niliivunja. Tuseme sasa, tuko wawili tu. Ile mugomo ya miaka ingine, nilikuwa nafundisha batoto ya sita kwenye jiko yangu kila asubuhi, mulango imefungwa, tableau ya kuandikia ni ubao ya kitanda imepakwa makaa. Mutu angeniuliza, ningesema ni huruma juu ya examen ya mwisho ya primaire. Haikuwa huruma. Nilikuwa nataka batoto yangu bapite bote, na bazazi baseme jina yangu kanisani, siku moja tu, mbele ya kusema yako.

Papa Paluku akapita, akasikia batoto banasoma, akaita réunion. Nilisimama pale mbele yao. Kabla sijafungua kinywa, ukasimama. "Ni mimi nilimutuma," ukasema. "Batoto ya examen, lazima mutu mumoja abaangalie." Uongo mutupu! Hata jicho haikupepesa. Batu bakapiga mikono. Bakakupigia wewe mikono juu ya kosa yangu! Tukarudi pamoja, ukanunua avoka mbili kwenye njia, ukanipa moja, ukaongea juu ya mvua. Hukuniulizaka kitu, ile siku wala siku ingine. Nilikula ile avoka na nilikuchukia.

Sasa sikia yenye imetokea. Mwaka huu masomo ilifunguliwa na mugomo tena. Darasa yako balipatia Wivine, kasichana kamoja kapole, kangali na miaka mbili tu ya kufundisha. Kwenye ile darasa muko batoto balitoka Mbau na bazazi yao. Mwaka jana yote habakusoma, juu ya kukimbia. Wivine akaona banapoteza mwaka ya pili. Akabakusanya kwenye salle, ukumbi ya kanisa, anabafundisha kusoma na sauti ya chini. Mais batoto, ukibaambia basome polepole, banasoma polepole dakika mbili tu. Papa Paluku akasikia.

Kabla ya kumuita, mama yake akakufa. Ilikuwa siku ya juma tatu, ghafla. Na siku ya pili yake tukawa kwenye réunion, darasa imejaa, na swali ni moja: balimu batafika kwenye kilio ya mama ya Wivine ao hapana? Maiti inangoja, Wivine iko nyumbani anaangalia barabara, na mimi ndiye délégué.

Sitakudanganya, kwanza nilisikia furaha kidogo. Nikasema moyoni: leo batajua kama niko nani. Na uongo yako ikaja yenyewe mpaka kwenye ulimi. "Ni mimi nilimutuma." Maneno matatu, na kila kitu inaisha, Wivine anapata batu yake, mimi napigiwa mikono. Nilikuwa nimesha kusimama. Ndipo Papa Paluku akauliza, na sauti yake ile ya kanisa: "Tujiulize kwanza, Kahindo angesema nini?"

Weee! Damu ikanipanda kichwani. Nikaona kama nikisema ule uongo, itakuwa uongo yako, na ile mikono itakuwa yako, na nitakaa kwenye hii kiti mpaka retraite, mwisho ya kazi, nikiwa kivuli yako. Donc nikasema kweli. Si juu ya wema, Kahindo. Ni wivu ilinisukuma. Nikasema: "Kahindo angewadanganya ninyi. Aliwadanganyaka ile mugomo ingine. Hakunituma kufundisha jikoni kwangu, nilienda mwenyewe, tena juu ya sifa. Huyu Wivine amefanya juu ya batoto, mimi nilifanya juu ya jina yangu. Kama mama yake hana balimu kwenye kilio, mufute yangu pia leo, siku yangu musikuje."

Mama mumoja nyuma akasema "Yesu" peke yake. Papa Paluku akatoa miwani, akaipangusa na shati. "Nilijua," akasema. "Kahindo mwenyewe alikuja kuniambia ile siku, akaniomba ninyamaze." Nikamuuliza, na wewe mwenye sheria ulinyamaza? Akanijibu bila haya: "Ni Kahindo aliniomba."

Umeona? Hata Papa Paluku! Ule mutu hajanisalimiaka na meno hata siku moja, na kwako aliikunja sheria yake, akaiweka mufukoni miaka yote. Nilisikia nataka kulia na kuvunja kiti.

Nikasema yangu basi. Kilio itoke kwenye mugomo. Mwenye kuvunja mugomo atakuja mbele yetu, tutamuambia kwenye uso, na yeye atatuambia sababu yake, mais mufu hajavunja kitu. Papa Paluku akasimama: "Masika, ukitoa hii sheria, umeua mugomo. Batu banashikamana juu ya woga, si juu ya mapendo." Tukainua mikono. Ilipita kwa shida, na bamoja bakatoka bila kuniaga.

Na muzee hakusema bure. Asubuhi yake balimu wawili balikuwa bamefungua darasa, mutu ya tatu ananiambia anangoja kuona. Mugomo ingali, mais inachechemea, na directeur ameanza kunichekea kwenye njia, kitu sikupenda. Sijue kama nimejenga ao nimebomoa. Ningekuwa na wewe ningekuuliza, hata kama ningekasirikia jibu.

Mais kwenye kilio tulienda. Tulishuka na blouse zetu za buluu chini ya ile mvua nyembamba, tope mpaka kwenye magoti, tunaimba. Wivine alipotuona kwenye kona alikaa chini kabisa kwenye udongo. "Yaya Masika, dada yangu," akasema, "nilijua hamutakuja," akanikumbatia shingo mpaka nikakosa pumzi. Banaume bakashika jembe. Papa Paluku alikuja na koti yake nyeusi, bila blouse, akakaa upande ya majirani, na kila aliyemuangalia alimuambia: "Nimekuja kama jirani." Mais jembe alishika pia.

Nyuma ya kuzika, mujomba ya Wivine alisimama kushukuru. Muzee aliyeshuka kutoka vilima, simujui, na yeye hanijui. Akashukuru kanisa, akashukuru majirani. Ndipo akageuka upande yetu, akatoa kofia, na akasema na sauti kubwa: "Na nyinyi, balimu ya Kahindo, wasingya kutsibu, asante mingi." Batu bote: Amina! Nilikuwa nimeshika sufuria ya maharagi na mikono mbili. Nami nikasema Amina, ningefanya nini?

Bon. Lala, rafiki yangu, lala vizuri, udongo isikulemee. Nakuahidi hivi: kwa jina ya syndicat sitasema uongo, hata ule muzuri sawa yako. Yale maneno nilikuwa nakuambia njiani, juu ya Kinshasa na juu ya balimu bila matricule, nitaileta yote kwenye réunion, hata nikiileta peke yangu. Batoto ya Mbau habatapoteza mwaka ya pili, mugomo ao hapana mugomo. Na hii kiti nitaishika mpaka siku muzee mumoja asiyenijua, kwenye kilio ya mutu fulani, atasema "balimu ya Masika". Nitaisikia vizuri. Nitainua kichwa, nitatafuta uso yako kati ya banamama nione kama imekuuma hata kidogo. Na hautakuwa pale. Ni hiyo tu, Kahindo, yenye sijakusamehe.

Masika