Wana wa Mzinga Mkali

4 Machi

Dada,

Hujambo huko maabara kwa nyuki wako? Sisi wazima, na mtoto kanona mashavu hadi macho yamejificha. Ila moyo wangu hautulii. Jana alilia mno, nikajikuta nimeinua mkono. Sikumpiga. Mama yake alimnyakua, akaniangalia vile tulivyokuwa tukimwangalia Baba. Wewe unayechunguza tabia za nyuki, niambie: ule ukali wa Baba uko kwenye damu? Jibu haraka. Hata mbao karakanani sasa naziharibu kwa randa.

Mdogo wako

12 Machi

Fundi wangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mbusu mwenye mashavu. Naandika mbiombio. Leo tumefungua mizinga ya nyuki wakali, nimeumwa hadi sikio limevimba, usicheke. Ndiyo, ukali wao umo kwenye vinasaba. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Na sisi wana wa Baba tukimbilie wapi? Nikitulia nitaandika vizuri.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Wifi ameniandikia kwamba ulisoma barua yangu, ukafungasha nguo, ukahamia karakana. Ati unawaepusha na nyoka. Jamani! Ule ulikuwa utani wa mtu anayeumwa sikio.

Sikiliza nilichokiacha. Hapa tunawachukua watoto wa mzinga mkali wakiwa bado kwenye masega, tunawahamishia kwa wapole. Wakikulia huko, wengi ukali wao hupungua. Na watoto wa wapole wakilelewa na wakali, huwa wepesi kuuma. Kinasaba kipo, ila nyumba ndiyo inayokiamsha au kukiacha kilale. Sikudanganyi, ukali hauishi wote. Lakini nyuki akishatoa mwiba, ameuma. Wewe uliushusha mkono. Rudi kwako.

Dada yako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Kimya hiki kinaniua. Wifi naye anasema hujafika. Nikasirikie, nitukane, lakini andika.

Dada yako

27 Aprili

Dada,

Sikio limepona? Pole. Barua zako nilizipata. Ile ya mwanzoni mwa Aprili nilizunguka nayo karakana nzima kabla ya kuifungua, nikidhani ni hukumu nyingine.

Leo nilikwenda nyumbani. Sijakaa hata kitini, mtoto akaanza kilio chake kilekile, na hasira ikanipanda, Dada, ikanipanda kweli. Nikamwambia mama yake, "Nimekasirika. Mshike kwanza." Baba hakuwahi kutamka neno hilo, sisi tulilijua kwa kofi. Nikatoka uani, nikanawa uso, nikazunguka nyumba. Niliporudi nilinyoosha mikono. Wifi yako alinipima kwa macho, nikaona aibu hadi nikataka kuondoka tena. Kisha akanipa mtoto.

Bado analia. Nisamehe mwandiko huu, naandika kwa mkono mmoja.

Mdogo wako