Kitinda, Uliyesubiri Usalimiwe Kwanza

Ni mwaka mmoja sasa, Kitinda, tangu ulipotoka nyumbani asubuhi na mkoba wako wa buluu, ukasema unapitia hospitali kuchukua majibu ya damu na mchana utakuwa kazini. Ulilazwa siku hiyohiyo. Figo zilikuwa zimechoka kitambo, na wewe hukuwa mtu wa kulalamika. Hatukukuuguza muda mrefu. Ulipotuacha, Mama alikuwa amekushika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dripu.

Anayeandika ni kaka yako mkubwa, yule wa kuja na kuondoka, aliyesoma darasa moja huku na jingine kule. Wenzangu wamesema niandike mimi kwa kuwa nina maneno mengi. Nimeandika tuliyokubaliana mezani.

Tunakumbuka ulivyokuwa unacheka kwa pua. Ulivyowaita watoto wetu wote "mzee mwenzangu". Ulivyomnyang'anya mtu kikombe ukakioshe, na chai bado imo.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mshauri nasaha wa chuo. Walitaka kukupa chumba kizuri karibu na lango, chenye kibao mlangoni, ukakikataa. Ulisema hakuna atakayekatiza uwanja mzima huku watu wanamwona anakwenda kulia. Ukachagua kile cha mwisho wa korido, jengo la uhasibu, jirani na stoo ya viti vibovu. Anayekuja kwako alionekana anafuata mambo ya ada, au anafuata kiti. Ndani uliweka viti viwili vinavyotazama dirisha, visivyotazamana. "Mtu ukimkazia macho anaficha," ulisema.

Walikuja wanafunzi waliofeli wasijue watasemaje nyumbani. Walikuja waliokosa usingizi, na waliolala mpaka wakaogopa usingizi wenyewe. Hata wahadhiri walikuja. Hayo hukutuambia wewe. Tuliyasikia msibani, kwa vinywa vya wenyewe.

Lakini kuna jambo lililotukera miaka yote, na ndilo hasa limetuleta hapa. Njiani ulikuwa humsalimii mtu. Ulimwona, ukatabasamu nusu, ukasubiri. Akikuanza, ulimjibu kwa furaha zote na habari za nyumbani ukauliza. Asipokuanza, ulipita. Mtaani wakakuita Mama Maringo.

Ulitueleza. Aliyewahi kukaa kwenye kiti chako huenda hataki ijulikane kwamba mnajuana, basi achague yeye. Na ukiwasalimia wengine wote ukamwacha huyo, si umemnyooshea kidole? Ndiyo maana uliwaacha wote.

Mama hakulikubali. Ile Jumamosi kwa fundi cherehani alikuwa amesimama na jirani yetu mkutubi, anayefanya kazi maktaba ya chuo. Wewe ukatokea. Ukasimama, ukatabasamu, kimya. Mama naye kimya.

"Huyu si wako?" mkutubi akasema, kwa sauti ya kuwatosha wateja wote. "Wamemsomesha kila kitu, shikamoo wameisahau."

"Labda koo linamuuma," fundi akasema.

"Koo gani?" mkutubi akamjibu. "Akifika nyumbani si redio huyo?"

Watu wakacheka. Ukapita. Jioni Mama alikungoja mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Irudishe hukohuko ulikoiacha mchana. Ndani mwanangu, nje hunijui."

"Mama, ungekuwa peke yako ningekuamkia hata katikati ya barabara. Lakini wewe lini umesimama peke yako?"

Sisi tuliokuwepo tulicheka, maana ni kweli. Mama hakucheka.

"Kwa hiyo nikuanze mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Ukipenda, Mama."

"Sipendi."

Na kweli hakukuanza. Tangu siku hiyo alikuwa akikuona unakuja, anavuka barabara. Hospitalini alikulisha na kukuogesha, akakusuka nywele, ila jambo la salamu hamkuligusa. Likabaki hapo lilipo.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, mkutubi aliingia jikoni akamkuta Mama anachambua mchele.

"Dada, nina neno. Mimi nilikuwa nakwenda kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa Kitinda. Tangu mume wangu alipofariki. Kuna asubuhi nisingetoka kitandani kama si yeye."

Mama aliendelea kuchambua. "Na siku ile kwa fundi?"

"Siku moja kabla nilikuwa nimelia kwake mpaka nikachoka. Nilipomwona pale nikahisi watu wote wanajua. Nikaona nimcheke kwa sauti, hakuna atakayenidhania."

"Akakwambia nini?"

"Nilikwenda kumwomba radhi. Akacheka kwa pua. Akasema, 'Umejificha vizuri, sasa nani atakudhania?' Nikamwambia nitakueleza wewe ili usimkasirikie. Akaniambia, 'Ukiwa tayari.' Dada, sikuwahi kuwa tayari."

Mama akauweka ungo chini.

"Alijua kwamba nimekasirika?"

"Alijua, na ilimuuma. Alisema, 'Mama atanuna, lakini kunipikia hataacha.'"

Mkutubi ndiye aliyetuambia tuyaandike haya. Sasa yuko tayari, amesema.

Chumba chako kipo, Kitinda. Aliyekirithi ni mama mmoja mpole, na viti bado vinatazama dirisha. Wanafunzi na wafanyakazi wa chuo mnaosoma haya, mtu akizidiwa na aende, mlango haufungwi kwa ufunguo. Na mkimkuta mama huyo njiani hasalimu, msimpe majina. Yuko kazini.

Jumapili iliyopita tulikuja kaburini kwako kung'oa majani. Mkutubi alikuja nasi, akabaki nyuma kule njiani, hataki kusogea. Mama akamwita.

"Njoo usimame hapa na mimi. Nikiwa peke yangu haihesabiki."

Akaja. Wakasimama bega kwa bega kama siku ile kwa fundi. Mama akakohoa kidogo, vile anavyokohoa akitaka kubisha hodi, halafu akakuanza yeye.

"Hujambo, Kitinda."

Akasubiri, kama ulivyokuwa unasubiri wewe. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaitika.

"Marahaba, mwanangu."

Unakumbukwa na Mama; mumeo, ambaye siku hizi ndiye anayetunyang'anya vikombe; wanao wawili; kaka yako mkubwa, ambaye mwaka huu hajaondoka; dada zako; mawifi na mashemeji; shangazi yetu; wazee wenzako wote wadogo; na jirani yetu mkutubi, ambaye tumemhesabu humu kama ndugu.

Daima tutakukumbuka, na siku tukikutana, tutakuanza sisi.