Mashati ya Wajumbe

London, 11 Oktoba 1921

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti hayakusumbui sana, na yule ng'ombe mwekundu amepona. Mimi sijambo, ila masikio bado yananivumia kwa ile meli.

Tumefika. Nyumba ina ngazi mpaka unasahau ulikuwa unapanda kufuata nini. Wajumbe wetu waliotoka Dublin kuja kuzungumza amani na Waingereza wanalala humu, na watumishi wote tumeletwa kutoka kwetu, wapishi, wafagiaji, na mimi wa kufua na kupiga pasi, asije akawemo mtu wa kutega sikio mlangoni. Leo asubuhi walipotoka kwenda kwenye mazungumzo, barabara ilijaa watu wetu wanaoishi huku. Kina mama wamepiga magoti juu ya mawe yaliyolowa, wanasali rozari. Nilisimama dirishani na shati la mtu mkononi, nikalia kama mjinga.

Kaka Miah anakula? Siku naondoka alikuwa amelala tu. Nilimbusu kwenye paji la uso, hata hakugeuka. Mwambie dada yake hajamsamehe.

Binti yako,
Gobnait


Coomnaglas, 19 Oktoba 1921

Mwanangu Gobnait,

Barua yako imefika na nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Magoti ni yale yale. Ng'ombe amepona, sasa ananipiga mateke kwa raha zake.

Unauliza habari za kaka yako. Analala. Tangu Julai waliposimamisha vita, analala. Mwaka mzima alikuwa akijibanza kwenye mashimo ya mlimani na mabanda ya watu, sasa anadai usingizi wake wote. Con Twomey, mwenzake wa mlimani, naye yuko hapa, ana kwao lakini hapaoni, wanalala kitanda kimoja miguu imetokeza nje. Ukipita barabarani saa nane za mchana, kila nyumba unasikia vijana wanakoroma. Natembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na nasikia raha, siwezi kukuficha. Na jua la mwaka huu limekataa kuondoka. Nakaa mlangoni namenya viazi, naona kama naota, na humo humo ndotoni najiambia, Hanora, usiamke.

Lakini kuna jambo. Miah na Con walikwenda mnadani Macroom, wakitembea katikati ya barabara, kofia upande. Ofisa mmoja wa Kiingereza akawajia, akavua kofia, akamwambia kaka yako, "Habari za asubuhi, bwana Lehane. Hatimaye nimekuona." Kwa jina lake! Miah amerudi anacheka. "Mama, mimi ni mtu maarufu." Nikamwambia, "Maarufu pumbavu." Zamani walikuwa wanamwinda mtu wasiyemjua sura. Sasa sura wanayo, na kitanda anacholalia wanakijua. Mazungumzo yakivunjika, mlango wa kwanza kupigwa teke ni huu wangu.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu. Wewe uko ndani ya nyumba ile. Ukiona mambo yameharibika, usingoje magazeti. Kimbia posta unipigie telegramu, useme shangazi amezidiwa. Basi. Miah atakuwa mlimani kabla askari hawajafunga kamba za viatu.

Sasa keti chini. Anaoa! Lena Cotter amemkubali. Padri anasema lazima iwe kabla ya Majilio, maana Majilio yakishaingia hamfungishi mtu ndoa. Ni Alhamisi, tarehe 24 Novemba. Omba ruhusa, ingawa najua hawatakupa.

Mama yako


London, 31 Oktoba 1921

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa hao walalaji wako. Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni.

Nimeruka mpaka pasi imenianguka. Lena! Si ndiye aliyemsukuma Miah dimbwini tukiwa shule? Mwambie wifi yangu aendelee hivyo hivyo.

Habari ya telegramu nimeisikia. Huku hatuambiwi kitu. Wajumbe wanarudi jioni nyuso zimefungwa, ukiingia na chai wananyamaza. Lakini mimi nina mashati yao. Mtu anayekaa ananitupia mashati yote, hata hajui yako mangapi. Mtu anayetaka kuondoka anayadai, hata yakiwa mabichi. Mpaka leo wamenipa yote, na soksi zenye matundu juu yake. Kwa hiyo lala, Mama. Nakulindia.

Leo ukungu umeshuka mpaka uani. Nimeanika nguo nisizoziona, mashati yakawa yanapotea moja moja mbele yangu, nikabaki nasikia maji yanadondoka. Nikawaza, labda vita navyo vimepotea humu, na hakuna atakayejua pa kuvitafuta. Nikacheka peke yangu. Mpishi akaniuliza kama nimeonja mvinyo wa wakubwa.

Binti yako,
Gobnait


Coomnaglas, 13 Novemba 1921

Mwanangu,

Hatujambo wote, namshukuru Mungu. Lena amekuja kupima meza kama ndiye mwenye nyumba, nami nimemwachia. Miah amepaka kuta chokaa, na nywele zake pia. Con ndiye atakayesimama naye kanisani, na ulimi wake haujapona. Jana kasema, "Mama Miah, huyu bwana harusi amenenepa hivi, Waingereza wakimkuta watamwamkia wakidhani ni padri." Miah kamrushia kiazi.

Nikwambie kitu kimoja tu. Juzi gari lilipita barabarani tukiwa mezani. Miah hakuinua kichwa kwenye sahani. Unakumbuka alivyokuwa? Niligeukia jiko nikajifanya nachochea moto, kumbe nalia kwa furaha. Mwanangu amerudi, Gobnait. Ninamtaka hivi hivi, mnene, mvivu, ana chokaa kichwani.

Mama yako


TELEGRAMU
London, 23 Novemba 1921
LEHANE, COOMNAGLAS, MACROOM. SHANGAZI AMEZIDIWA. GOBNAIT


London, 24 Novemba 1921

Mama,

Sina hata uso wa kukusalimu. Nimekosea. Hakuna kilichovunjika. Mwambie Miah ashuke, ashuke sasa hivi, leo ndiyo siku yake!

Jana mchana walikuja mbio kudai mashati. Yote. Mabichi, wakayatia kwenye masanduku hivyo hivyo, mlango ukabamizwa, mtu akapaza sauti ngazini. Nilikimbia posta na aproni yangu. Niliporudi ndipo mpishi ananiambia wanakwenda Dublin kuwauliza wenzao jambo, kisha wanarudi. Nyembe zao ziko juu ya beseni. Nilitazama mashati, Mama, sikutazama nyembe. Nimepiga telegramu nyingine asubuhi hii. Imefika? Tafadhali niambie imefika.

Gobnait wako


Coomnaglas, 30 Novemba 1921

Mwanangu,

Acha kulia, nakujua unalia. Mimi mzima. Hata mimi ningekimbia posta.

Telegramu ya pili ilifika watu wameshatoka kanisani. Ile ya kwanza ilimkuta Miah anajaribu suti. Akaivua, akaikunja vizuri kwenye kiti, akapita mlango wa nyuma na Con. Asubuhi yake padri alingoja, kina Cotter wote wakangoja na kofia zao mpya. Mwishowe Lena akasimama akasema kwa sauti, "Haya, mkate wa harusi hautajila wenyewe," akaja kuugawa hapa nyumbani, macho makavu. Sasa Majilio yameingia. Padri anasema mpaka sikukuu zipite.

Miah ameshuka Jumapili. Lena kamwambia, "Nitakungoja, ila usiniletee chawa." Tukacheka wote. Lakini anavaa viatu akilala, Gobnait. Gari likipita anasimama. Nilimwambia, "Dada yako alikosea tu," akanijibu, "Hapana, Mama, amenisaidia. Nilikuwa nimeanza kusahau." Sikumuuliza amesahau nini. Nilitaka sana asahau.

Mama yako


London, 6 Desemba 1921

Mama, Mama mpenzi,

Salamu baadaye. Wametia sahihi! Ni amani!

Nimeamka nikakuta habari imejaa jikoni, wapishi wanakumbatiana, sufuria ya uji imeungua hakuna anayejali. Askari wao wataondoka kwetu, tutakuwa na bunge letu na jeshi letu. Wanasema upande wa kaskazini unaweza kujitenga, na kwamba wabunge wetu watakula kiapo cha kuwa waaminifu kwa mfalme wa Waingereza. Sielewi sana mambo hayo. Kitu kimoja nimeona cha ajabu: nilipopeleka chai juu hakuna aliyekuwa anacheka. Mmoja alikuwa amekaa anatazama ukuta, chai ya mwanzo imepoa mbele yake. Nikadhani ni uchovu.

Mimi sijali. Miah ataishi. Mwambie alale, avue viatu alale, na akiamka amuoe wifi yangu.

Binti yako mwenye furaha,
Gobnait


Coomnaglas, 15 Januari 1922

Mwanangu,

Nisamehe ukimya. Afya yangu ni nzuri. Natumaini huko ulikohamia kwa huyo mama wa Kensington unayemfulia wanakulisha.

Barua yako ya amani niliisoma kwa sauti. Con akamnyanyua Lena akamzungusha jikoni mpaka kiti kikaanguka. Miah akasema, "Soma tena pale pa kiapo." Nikasoma.

"Kwa mfalme?"

"Maneno tu, mwanangu," nikamwambia. "Wewe nani kakwambia useme? Watayasema wakubwa."

Con akaweka mkono begani kwake. "Miah, wanaondoka! Wenyewe, kwa miguu yao! Kilichobaki tutakidai kesho."

"Wale tuliowazika, tuliwaambia habari ya kesho?"

"Usinitajie wafu, kaka. Majeneza yale tulibeba wote."

Moto ulikuwa unawaka lakini jikoni pakawa baridi. Con akachukua kofia yake, akaaga vizuri tu, akaenda kulala kwao.

Bunge la Dublin limeshapiga kura na mapatano yamepita, kwa kura chache. Lena alimwambia Miah waoane kabla ya Kwaresima. Amesema mambo yakitulia. Juzi amerudi mlimani. Ameondoka mchana kweupe, kwa hatua za kawaida, na sikuona mtu yeyote anayemfukuza.

Mama yako


London, 4 Julai 1922

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ni wiki nyingi sijapata hata mstari wako. Nimesoma gazetini kwamba mizinga inapigwa katikati ya Dublin, na wanaopigana ni sisi kwa sisi, waliokubali mapatano na walioyakataa. Nimesoma mara nyingi nikidhani nimekosea tena.

Nilijua kuwatazama Waingereza, Mama. Sasa nimtazame nani? Niambie Miah yuko wapi. Hapana, usiniambie. Niambie tu kwamba anakula.

Binti yako,
Gobnait


Coomnaglas, 3 Septemba 1922

Mwanangu Gobnait,

Nampa barua hii mtu anayekwenda Cork, maana posta haipo, reli imeng'olewa, na madaraja yamevunjwa na vijana wetu wale wale waliowavunjia Waingereza zamani. Mimi mzima. Viazi ni vizuri. Miah anakula, Lena anampandishia chakula mlimani, amekonda lakini anakula. Chawa anao pia, nasikia.

Waingereza wamekwenda kweli, ile ngome yao Macroom nimeiona haina mtu. Nilisimama pale nikangoja kufurahi. Mwezi uliopita likaja jeshi jipya la kwetu, sare za kijani, na Con yumo. Alijiunga Dublin. Nilikuwa nimeshaambiwa, sikuamini.

Jana alasiri mlango uligongwa. Nikashangaa, kwa sababu hapa kwetu nani anapiga hodi? Watu wanaingia. Nikafungua, nikamkuta Con. Wenzake wamebaki barabarani na bunduki. Kijana aliyekuwa anachovya mkate kwenye sufuria yangu bila kuomba, amesimama nje ya mlango na kofia mkononi.

"Ingia, mwanangu," nikasema.

"Hapana, Mama Miah. Yuko wapi?"

Aliuliza kwa upole, macho mekundu. Nikamwambia sijui. Alijua nadanganya, nami nikajua amejua. Akatazama nyuma barabarani, kisha akasema taratibu, "Mwambie kesho asipite njia ya mtoni. Apite ya msituni." Akavaa kofia, akaenda zake.

Sikulala, mwanangu. Namjua Con tangu hajaota meno. Huyu alimpenda Miah kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Na sasa sijui kama amesema vile ili Miah apone, au ili akimbilie huko huko msituni wanakomngoja. Nimeukumbuka uso wake usiku kucha nikiutafutia jibu, na kila nikiupata ni uso wa mtoto anayeomba mkate. Waingereza sikuwahi kuhangaika kuwaelewa. Nilijua wanachotaka.

Lena hataki kuamua. Anasema, "Wewe ndiye mama yake, na Con naye ulimlea." Miah lazima ashuke leo, mlimani wamezingirwa pande nyingine zote. Amesema atapita njia nitakayomwambia mimi.

Lena amejifunga shali, kikapu kiko mkononi, amesimama hapa mezani anangoja nimalize kuandika nimpe neno.

Mama yako