Saa Iliyofungwa kwenye Kanga

Jumanne, Kasingirima

Bado uso unaniwaka kwa aibu. Nilipopelekwa kambi ya wakimbizi nilimwachia Mama Zaituni, aliyetupokea tulipotoka Burundi, saa ya marehemu mume wangu. Nilimwambia, "Ifiche, isionekane." Akaifunga kwenye kanga, chini kabisa ya sanduku.

Leo asubuhi nimerudi kuichukua, nimeikuta imesimama. Mbele ya majirani nikamwambia ameiba betri, nikaitupa kwenye mkeka alioanikia dagaa juani.

Kufika adhuhuri, inatembea! Ndipo nikakumbuka alivyosema mume wangu: saa hii inakula jua. Mwanga hupenya kioo chake, hugeuka umeme, hujaza betri. Sandukuni ilikufa njaa, na aliyeagiza ifichwe ni mimi.

Mama Zaituni akafurahi kuliko mimi. "Imepona! Nikufichie tena, mwanangu?"

Mpaka sasa sijamwomba samahani.