Maji ya Drumsillagh

Drumsillagh, Ayalandi
9 Machi 1964

Mwanangu Attracta,

Hujambo huko Boston? Kifua kimepona? Sisi wazima, Mungu asifiwe, ila mgongo unanilalamikia. Kijiji kimeamua kuleta maji ya bomba kutoka ziwa la mlimani. Serikali inatoa mabomba, sisi tunachimba mtaro, wanaume kwa wanawake. Padri aliponiona na sepeto akacheka. Nikamwambia, "Ndoo za kisimani nimebeba mimi, Padri, si wewe."

Tatizo ni Festus Gallen. Shamba lake liko katikati ya njia. "Bomba halipiti kwangu," alituambia, akatufungia mlango.

Mama yako

Boston, 2 Aprili

Mama mpenzi,

Pokea salamu zangu. Kifua kimepona, usihangaike. Huyo Festus ana nini? Mzee mzima anawanyima majirani maji! Mpelekeni mahakamani.

Binti yako, Attracta

Boston, 20 Mei

Mama, mbona kimya? U mzima? Au mmeshikana mashati na Festus? Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Drumsillagh, 14 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima kabisa. Nilikuwa na malengelenge viganjani, kalamu haishikiki.

Mahakamani hatukwenda. Nilimfuata Festus mwenyewe, nikamuuliza dirishani ana kinyongo gani. Akasema, "Mke wangu Winifred nilimzika mimi na mchimba kaburi tu. Mlikuwa wapi?"

Ulikuwa mwaka ule wa theluji kubwa, wewe bado mdogo. Milango yetu ilizibwa, hakuna aliyeweza kutoka. Theluji ilipoyeyuka Festus alikuwa amejifungia ndani, watu wakadhani anataka kuachwa.

Basi Jumapili, misa ilipokwisha, nikasimama mlangoni pa kanisa. "Nakwenda kumzika Winifred Gallen. Anayekuja aje." Wakaja wote, Attracta! Hata akina Mulvey, ambao hawasalimiani na mtu. Tulisali rozari kaburini, kisha tukaenda kwa Festus na mikate na chai, tukakaa matanga kama inavyopasa. Kila mmoja alisema analolikumbuka kuhusu Winifred. Festus alilia, akacheka, akalia tena.

Asubuhi tulimkuta shambani kwake, mtaro ameshauanza. "Mmechelewa," akatuambia.

Maji yalifika wiki iliyopita. Tulimpa yeye afungue bomba la kwanza. Yakatoka ya matope, halafu meupe. Sote tukaduwaa, mpaka akafoka, "Mnakunywa au mnatazama?"

Sasa watu wa vijiji vingine wanakuja kutuuliza tulifanyaje, nasi tunawaonyesha viganja. Kwa hiyo ukiniandikia tena, usiweke "karibu na mji wa Carrick" kwenye bahasha. Andika Drumsillagh tu. Wanatujua.

Mama yako