Simu Zilizokwenda Makongolosi

Mbeya, Mei 1979

Kaka yangu Crispin,

Shikamoo, na kamwene kwa wote hapo Ipogolo, Iringa. Kifua cha mama kimetulia? Shemeji Benedicta na watoto wazima? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinaniuma. Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu, maana tangu siku ile nilipokuta mmeshamzika baba, nikageuka bila kusalimia mtu, sijakuandikia hata mstari.

Kaka, mitambo ya ofisi yetu itaniua! Tuna kisanduku kinaitwa modemu, kinapitisha simu za maandishi kwenye waya, na mashine inayozigawa kwa kufuata maagizo ya utepe wa karatasi uliotobolewa: za Iringa Iringa, za Chunya Chunya. Juzi utepe mpya ulikatika, tukarudisha ule wa zamani, basi kila simu ikapotea. Bwana mkubwa anafoka, wateja wanatutukana! Nikakagua mpaka macho yakavimba. Kumbe mtaalamu aliyeutunga alisahau kufuta alama ya nyota ya majaribio aliyoiweka juu kabisa. Nyota maana yake mahali popote, na mbele yake kaandika Makongolosi. Mashine husoma kuanzia juu. Ikikuta agizo linalofaa haisomi tena. Na Iringa nako si popote? Basi simu zote zikaenda Makongolosi. Jamani!

Nikatumwa Makongolosi, nikamfokea karani wa huko, Sedekia, kwa nini anapokea simu za watu wengine na kunyamaza. Akasema hakunyamaza, sheria ni kujibu kila simu "imepokelewa", naye amezijibu zote. Nilitaka kumkaba! Akaongeza kuwa hata mwaka juzi, utepe ule ulipoanza kutumika, kabla haujabadilishwa, alipokea za watu wengi. Moja haijamtoka moyoni, ya mtu aliyesema anakuja Jumamosi, wamsubiri amzike baba yake. Alimwombea marehemu yule kanisani.

Kaka, simu ile ni yangu. Uliponiletea habari za msiba kwa dereva wa lori, nilikutumia palepale, nikajibiwa imepokelewa. Nikaamini umeisoma, ukanifungia kaburi makusudi. Nimewaambia watu hapa Mbeya kwamba sina kaka. Kumbe nawe ulikaa na jeneza ukidhani mdogo wako kanyamaza tu. Nisamehe, kaka. Naona aibu, na hasira bado ninayo, ila sasa sijui nimkasirikie nani.

Mama mpe shikamoo yangu, umweleze pole pole. Simu situmi tena. Nakuandikia kwa mkono wangu yaleyale: nakuja Jumamosi, nisubirini.

Mdogo wako,
Liberatus