Kaka, Umemshusha Mama Chini ya Udaku

Kaka Saidi,

Shikamoo. Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo, ila nina hasira. Jumamosi ulinikatia simu. Tangu siku hiyo kila nikikupigia uko kwenye kikao, hata Jumapili uko kwenye kikao. Basi nakuandikia hapahapa kwenye blogu yetu, mbele za watu, maana hapa najua hupiti siku bila kuja kuangalia wangapi wamesoma.

Unakumbuka tulivyoifungua? Baba alikuwa ameshafariki, mama amehamia kwangu Nachingwea, na wewe ulikuwa umekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Ulinifuata pale stendi ninapowachapia watu barua zao, ukanivuta mpaka kwenye kile chumba cha intaneti nyuma ya soko, na mama tukamchukua njiani. Ulisema watu wa Ruangwa wametawanyika, wako Dar, wako Arusha, wako mpaka Uarabuni, na hawana mahali pa kupatia habari za kwao. Nilikuona mtu mkubwa sana siku ile. Juu kabisa ya ukurasa tuliweka linki tatu za kubonyeza: Misiba, Mama Anasimulia, na Habari za Nyumbani.

Mpangilio ule hatukuubuni sisi. Aliupanga mama, kakaa katikati yetu kwenye kiti cha plastiki, vidole vyake vina madoa yasiyotoka ya mafuta ya korosho alizobangua miaka yote ile ili sisi tusome. Sisi tulitaka jina lake litangulie. Alikataa katakata.

"Waliofiwa kwanza," alisema. "Mtu yuko mbali huko, anatafuta habari ya msiba wa kwao, mnampitisha kwenye hadithi zangu za nini? Mimi nitakaa nyuma yao."

Ulicheka, ukambusu mkono, ukafanya alivyotaka. Leo nikikumbuka ule mkono uliobusiwa natamani kukupiga kofi, kaka, ingawa wewe ni mkubwa wangu.

Alisimulia nusu Kimwera, nusu Kiswahili, mimi naandika kwenye karatasi kisha naenda kuchapa. Alianza na kuzaliwa kwake Nkowe. Akaja kwenye mwaka wa njaa, walipoishi kwa kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vya porini, naye akiwa binti mdogo tu anatembea na mdogo wake Mwanahawa mgongoni, huyu tunayemwita mama mdogo. Akaeleza walivyohamishwa nyumba zao kupelekwa kwenye vijiji vipya, na jinsi baba alivyokuja kumposa akampeleka Likunja. Nilipomsomea mara ya kwanza kutoka kwenye kioo cha kompyuta, alinikatiza palepale.

"We Somoe, mbona umeanzia nilikoishia? Nimeolewa kabla sijazaliwa?"

Blogu ndivyo zilivyo, posti mpya inakaa juu, ya zamani inasukumwa chini. Nikakupigia simu Dar. Na wewe, wewe mwenyewe, ndiye uliyenielekeza: fungua posti, nenda penye tarehe, ile ya kwanza ipe tarehe ya mbele kuliko zote, zinazofuata uzirudishe nyuma kidogokidogo. "Unaidanganya tu, haitajua," ulisema. Nilifanya hivyo posti moja baada ya nyingine, mpaka mama akazaliwa kwanza na kuolewa baadaye. Basi ile habari uliyonipa Jumamosi kabla hujakata simu, kwamba mtambo ndio unaopanga posti, kawape wasiokujua. Mimi unanidanganya kwa kitu ulichonifundisha mwenyewe!

Na kupanga hukuanza kufundishwa na kompyuta. Ile miaka ya tisini pale Likunja, siku mjomba alipokuja kututembelea kutoka Lindi, shati limenyooshwa, saa inameta mkononi, kakaa kwenye kile kiti chetu kimoja cha mgeni. Bibi alikuwa chini kwenye mkeka, karibu na mlango, anamenya mihogo. Ulimruka bibi ukaenda mbio kumshika mkono mjomba. Mama hakukupiga. Alikushika bega akakutoa nje, akakuambia ingia upya, na safari hii usalimie kwa ukubwa wao. Uliingia upya machozi yanakutoka, ukaanza na bibi. Mjomba mwenyewe alimsifu mama kwa lile. Mimi nilikuwa mdogo lakini nililishika. Kwako nani alilitoa kichwani?

Sasa nikumalizie ile habari uliyoikatia simu.

Mama mdogo alikuja Jumamosi kutoka Nkowe. Alipakiwa kwenye baiskeli mpaka Ruangwa mjini, akapanda gari mpaka kwangu, na mgongo wake unaujua. Tangu tumzike mama alikuwa akiniomba jambo moja tu: nimsomee ile hadithi ya mwaka wa njaa kama dada yake alivyoisema, neno kwa neno, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgongoni na hakumbuki kitu. Kusoma hajui. Zile karatasi zangu zililoa paa lilipovuja. Nikamwambia asihofu, maneno ya mama yako kwenye blogu, kaka Saidi anayatunza. Nilijisifia wewe, kaka. Alivaa kanga mpya kwenda kusomewa kwenye kile chumba cha intaneti.

Nikafungua. Kitu cha kwanza kilichotokea ni binti wa watu kavaa nguo ya kuogelea, kainama. Chini yake msanii kaachana na mchumba wake. Mama mdogo akajifunika uso kwa mtandio, mwenye chumba kile anacheka kichinichini. Nikatazama juu kwenye linki: Udaku, Mapenzi, Michezo, Picha Kali. Misiba umeitupa ndani ya kitu unachokiita Mengineyo, tena haina tangazo hata moja, utadhani watu wa Ruangwa wameacha kufa. Mama Anasimulia haipo kabisa.

Nikashuka mpaka chini pameandikwa Posti za Zamani, nikabonyeza. Udaku. Nikabonyeza tena. Udaku. Mtandao unajikokota, muda niliolipia unakwisha, na mama mdogo kakaa pembeni ananiangalia mikono. Hakuwa na haraka. Alidhani ndivyo mashine inavyofanya kazi. Mwisho akaniinamia.

"Somoe, kwani dada yangu kakosa nini humo?"

Nijibu nini, kaka? Nisaidie, ningemjibu nini?

"Basi twende, mwanangu," akasema. "Kama wamemtoa, wamemtoa."

Njia nzima kurudi nyumbani nilijaribu kumsimulia kwa kichwa changu. Nilikwama. Nilijua habari yenyewe, lakini maneno ya mama hayakuja. Mama mdogo akaniambia imetosha, akanisifia mboga zangu za uani ili nisilie.

Ndipo nilipokupigia, na ukaniambia, "Acha ushamba, Somoe. Watu wanataka vitu vya moto. Nani atasoma habari za ming'oko?"

Nani atasoma! Umemsahau yule bwana wa Arusha, mzaliwa wa Likunja, aliyeandika kwamba kila hadithi ya mama anampigia mama yake simu anamsomea? Umemsahau yule dada aliyeko Uarabuni, aliyejua kifo cha baba yake kwa ile linki ya Misiba, akawahi arobaini? Hao ndio wasomaji wako wa mwanzo. Walikuja kwa ajili ya mama na kwa ajili ya maiti zao. Wewe umewakuta wamekaa, ukamwondoa mwenye nyumba, ukawaletea Picha Kali.

Kama ungesahau tu, ningekuelewa, mjini kuna mambo mengi. Lakini hili halifanyiki kwa kusahau. Posti zake leo nimezikuta zimezama chini kabisa kwa tarehe za zamani, na ilibidi uzifungue moja moja. Ilibidi uione picha yake na ule mtandio wa bluu, ubadilishe tarehe, ufunge, ufungue nyingine. Uliwezaje? Wewe uliyelia makaburini mpaka ukashikwa na watu wawili? Nimekasirika na nimeumia, na sijui kipi kinazidi.

Leo asubuhi nimekuja hapa chumba cha intaneti kujaribu kuingia kwenye blogu, nikiwa na hakika umebadilisha neno la siri ili nisiguse kitu. Hukubadilisha. Bado ni lile jina la mama tulilomwita sisi wawili tu tukiwa watoto, ambalo hata baba hakulijua, na ambalo sitaliandika hapa. Nimelichapa, blogu ikafunguka, nikashindwa kujizuia mbele za watu.

Misiba nimeirudisha juu. Mama anafuata, kwa mpangilio wake. Vitu vyako viko chini, sikufuta hata kimoja. Ijumaa mama mdogo anarudi, na nitamsomea.

Kumbe muda wote huu, kila ulipokuja kuweka udaku wako, ulikuwa ukimwita mama kwanza. Basi neno la siri nimeliacha vilevile. Ukitaka kumshusha tena, mlango uko wazi, kaka. Andika jina lake, kisha umshushe.

Ni mimi mdogo wako,
Somoe